Mkanda Mmoja, Mji Mkongwe

Muuza kahawa alikuwa amekwisha kumimina finjani ya tatu, na kamera ya binamu yangu bado imelala mapajani, kifuniko cha lenzi mahali pake. Tulikuwa barazani, hatua chache kutoka Jaws Corner, saa kumi na robo alasiri. Mimi kwa simu yangu nilikuwa nimekwisha kukusanya picha ishirini na ushei: dele la shaba, makaa, vidole vya mzee, paka aliyelala chini ya benchi. Yeye alikuwa akihojiwa habari za Tanga. Tanga kwa nani? Chumbageni au Ngamiani? Mzee alikuwa na dada aliyeolewa Pangani zamani hizo, na maneno yakapita koo kwa koo, mtaa kwa mtaa, mpaka wakakutana kwa marehemu fundi mmoja wa mashua ambaye kila mmoja alimjua kwa upande wake. Hapo ndipo binamu yangu akasema:

"Babu, naomba nikupige picha hapo hapo ulipo."

"Kumbe hicho kidude ndicho kilichokuleta?"

"Hicho na kahawa yako."

"Haya, piga. Ila mimi siachi kazi yangu."

Akatoa kifuniko, akazungusha lenzi kidogo, akangoja. Mzee akainama kumimina, kisha akainua uso kumtazama mteja aliyekuwa anakuja. Chaka! Mlio mmoja mkavu, kama kufuli dogo likifungwa. Binamu yangu akavuta mkanda kwa dole gumba, akarudisha kifuniko, akashukuru, akaagiza finjani ya nne.

Njiani nilimwuliza kwa nini hakupiga hata mbili, isije ile moja ikaharibika. Akanijibu kwamba katika ya pili mzee angekuwa anapigwa picha. Katika ile ya kwanza alikuwa anamimina kahawa.

Tulikuwa tumevuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, kwa siku mbili tu, na mkobani mwake mlikuwa na mikanda miwili ya nyeusi na nyeupe. Kila mkanda wake wa milimita 35 ulikuwa na nafasi 36. Mjanja wa kupakia huiba ya thelathini na saba. Kamera yenyewe ni Pentax K1000, aina iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, nzito kama jiwe la mizani, na aliirithi kwa baba yake, aliyewahi kujipatia riziki kwa picha za harusi na za vitambulisho. Kipima mwanga chake hakina swichi. Kifuniko cha lenzi ndicho swichi: ukikisahau wazi, betri inakwisha. Lakini betri ikifa kamera haifi. Vyuma vyake vinaendelea kufanya kazi kama kawaida, ila wewe mwenyewe ndiye unayebaki kuwa kipima mwanga.

Alipakia mkanda wa kwanza botini, mgongo kaugeuzia jua. Nilimtazama kwa makini kwa sababu aliponyamaza nilijua anafanya jambo zito. Akafungua mgongo wa kamera, akaweka kikopo upande wa kushoto, akavuta ulimi wa mkanda mpaka kulia, akauchomeka kwenye ufa wa kigurudumu, akavuta mara moja kuhakikisha meno yameingia kwenye matundu ya pande zote mbili. Ndipo akafunga. Halafu akafanya kitu ambacho mtu asiyejua angekiona ni kuchezacheza: akazungusha polepole kile kishikizo cha kurudishia mkanda hadi kikakaza, akavuta wenzo, na macho yake hayakuwa kwenye wenzo bali kwenye kishikizo. Kikazunguka. Akapumua.

"Kisipozunguka," aliniambia, "unapiga hewa."

Na alishawahi kupiga hewa. Safari yake ya kwanza kabisa Unguja, miaka kumi na kitu iliyopita, alizunguka siku nzima na kamera ikihesabu vizuri, moja, mbili, kumi, thelathini na sita, thelathini na saba, thelathini na nane. Aliposhtuka kwamba mkanda hauishi, alikuwa tayari amerudi gesti. Ulimi ulikuwa umechomoka kwenye ufa tangu asubuhi. Watu wote aliowaomba, wakakubali, wakatengeneza mitandio na kukaa sawa, hakuna hata mmoja aliyeingia. Anasema kilichomuuma si picha, ni ile heshima waliyompa watu wale akaitia kwenye kopo tupu.

Ukitaka kuuona ufundi wake, usimwangalie anapobonyeza. Mwangalie anavyotembea. Mji Mkongwe una mwanga wa namna mbili na kati yake hakuna daraja. Kwenye uwazi wa Forodhani, saa nne asubuhi, jua la hapa, nyuzi sita tu kusini ya ikweta, linapiga kama nyundo: kila kitu cheupe kinaunguza na kila jicho linazama shimoni chini ya paji la uso. Ingia kichochoro cha Hurumzi, hatua kumi tu, na mwanga umeshuka mara thelathini. Wageni wengi huona vichochoro vina giza. Yeye anasema vina mwanga bora kuliko studio yoyote, kwa sababu jua halishuki lenyewe. Linaipiga chokaa ya ukuta wa ghorofa ya juu, linarukia ukuta wa pili, linateremka hivyo hivyo likipoteza makali, na likifika kwa mtu aliyeketi barazani limekwisha kuwa laini kama maziwa. Kwa hiyo hatafuti watu kwanza. Anatafuta ukuta. Akiupata, anakaa karibu nao, na watu wa Mji Mkongwe hawakosi kupita.

Kuna hesabu ya zamani ambayo wapiga picha wote wa mkanda huijua: jua likiwa kali, funga tundu la lenzi hadi 16, na kasi ya kamera iwe sawa na kasi ya mkanda. Mkanda wake ni wa 400, basi kasi ni moja ya mia tano, iliyo karibu zaidi. Kutoka hapo anashuka kwa kichwa: kivulini hatua tatu, kichochoroni hatua tano. Sindano ya kamera anaitazama kama mtu anavyomsikiliza ndugu mwongo kidogo. Ana sababu. Sindano ile imefundishwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni rangi ya kijivu cha katikati. Sasa mweke mzee mweusi, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, ukuta wa chokaa nyuma yake. Sindano inaona weupe mtupu, inaogopa, inasema funga. Ukiitii, kanzu itatoka nzuri, kila mshono utahesabika, na uso wa mzee utakuwa doa. Nimeziona picha hizo kwenye maalbamu ya harusi za kwetu: bwana harusi ni kanzu inayotembea.

Dawa yake ni kuusogelea uso. Anapomsalimu mtu kwa karibu, anapima pale pale, usoni, au anapima kiganja cha mkono wake mwenyewe kilichokaa katika mwanga ule ule, kwa tofauti anayoijua. Kisha anarudi nyuma bila kubadilisha kitu. Mkanda wa negativu huvumilia mwanga ukizidi, ukipungua hausamehe. Kwa hiyo anaufungulia uso, na kanzu ijitegemee. Baba yake alimfundisha hilo kwa picha za vitambulisho, ambako mteja alikuwa akirudisha picha na kusema, "Huyu si mimi," na alikuwa na haki.

Si kila mtu alikubali. Darajani, nje ya soko, mama mmoja muuza ndimu alimtazama, akaitazama kamera, akasema, "Mimi sitaki, mwanangu." Hakuna aliyeshangaa. Binamu yangu akasema, "Haya mama, samahani," kamera ikaingia mkobani, si begani, mkobani kabisa, na zipu ikafungwa, yule mama aione. Tukanunua ndimu. Wakaongea bei ya karafuu. Nilidhani anamlainisha ili amwombe tena baadaye. Hakumwomba. Tulipoondoka alisema tu kwamba mtu akikataa inabidi aone amekubaliwa kukataa, la sivyo atakaa na hofu mpaka upotee machoni. Kwa simu yangu mimi ningekuwa nimekwisha kumpiga kabla hajaniona, na nikikumbuka vizuri, asubuhi ile nilikuwa nimefanya hivyo kwa wengine watatu au wanne. Nilizifuta usiku. Sijui kama kufuta kunatosha.

Watoto ndio waliokuwa na shida nyingine. Wao wanataka. "Anti, nipige na mimi!" Akampiga mmoja, wa madrasa, msahafu kaushika kifuani kwa mikono miwili, na papo hapo kundi zima likakimbilia mgongo wa kamera kutafuta kioo. Hakuna kioo. Pana ngozi nyeusi tu.

"Picha iko wapi?"

"Imo ndani. Haijaiva."

Mtoto akaiangalia kamera kama mtu anavyoangalia sufuria iliyofunikwa. Akauliza itaiva lini. Akaambiwa mwezi ujao, inshallah. Wakacheka wote, wakadhani ni mzaha wa watu wa bara.

Kwa majengo pia ana adabu zake. Kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873, alilipiga mara moja tu, kwa ndani, nguzo na mwanga wa dirisha. Nje, kwenye shimo lenye sanamu za watumwa wenye minyororo shingoni, alisimama muda mrefu na hakutoa kifuniko. Watalii wawili walikuwa wanapeana zamu ya kujipiga mbele ya shimo, wakitabasamu. Hakuwalaumu, mimi ndiye niliyewalaumu. Yeye alisema sanamu zile zimekwisha kupigwa picha kupita kiasi na bado hakuna aliyezitazama.

Lakini Jumba la Ajabu lilimla picha kumi na moja. Lina habari ndefu. Sultani Seyyid Barghash alilijenga mwaka 1883, refu kuliko yote ya Unguja ya wakati huo, na la kwanza hapa kuwa na taa za umeme. Agosti 27, 1896, manowari za Waingereza zilipoipiga ikulu ya jirani kwa muda usiofika saa moja, jumba lilisalimika. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake haukusalimika, na katika matengenezo ya baadaye jumba likapewa mnara wake lenyewe, wenye saa. Mnara huo ndio kila mtu aliyefika Forodhani aliuona, hadi Desemba 25, 2020, ulipoporomoka pamoja na sehemu ya mbele ya jengo na kuua watu.

Binamu yangu alikuwa amelipiga mwaka 2019, likiwa bado na mnara juu, vijana wakiruka baharini kutoka ukingoni. Safari hii alikuja na chapa ya picha ile katika bahasha. Saa kumi na moja jioni, kwa sababu asubuhi jua huwa nyuma ya jumba na uso wake mzima umo kivulini, alisimama bustanini na kuanza kutafuta mahali alipokuwa amesimama. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima. Anaishika picha mkononi, anafumba jicho moja, anatazama nguzo ya tatu ya baraza inakutana wapi na ukingo wa Ngome Kongwe. Kushoto nusu hatua. Nyuma. Nyuma tena, kwa sababu mti umekua. Hakuinua kamera kuelekea juu hata kidogo. Ukiielekeza juu, nguzo zinaanza kulala nyuma na jengo linaonekana kama linazimia. Anaishika sawa kama maji kwenye sinia, na kama jengo haliingii lote, anarudi nyuma mpaka liingie. Matokeo yake chini ya picha hubaki ardhi kubwa tupu. Hapo ndipo anapowangojea watu. Muuza urojo akasukuma toroli lake, mwanamke akapita na mtoto mgongoni, wazee wawili wakabishana bila kusonga. Juu yao, pale palipokuwa na mnara, mbingu.

Alipiga kumi na moja, zote zikiwa karibu sawa. Hilo nalo nilimwuliza, maana mzee wa kahawa alipewa moja. Akasema jumba halichoki kutazamwa.

Mjini humo wapiga picha wengi wametangulia. Njia ya Kenyatta, Shangani, kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na baadaye ikashikwa na mwanawe Rohit, na kuta zake zimejaa Unguja ya miongo: masultani, jahazi, mitaa, mabibi harusi, familia zilizovaa nguo za sikukuu. Tuliingia na kukaa humo muda mrefu kuliko tulivyokaa katika jumba lolote la makumbusho. Kilichomshika binamu yangu ni mikono. Katika picha za studio za zamani watu wanajua mikono yao iko wapi: juu ya magoti, juu ya bega la mwenzao, juu ya mgongo wa kiti. Mtu alikuwa amevaa, ametembea kuja, amelipa, na alijua anaingia katika kitu kitakachobaki. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alikuwa akimpiga mteja mara moja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, na nyuso zile hadi leo zinatutazama bila haraka. Sidhani uhaba wa filamu pekee ndio uliofanya hivyo. Lakini nadhani ulisaidia.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwake Dar kumwona akisafisha. Bafuni, usiku, taa imezimwa, kitambaa chini ya mlango. Anaufungua mkanda kwa kupapasa na kuuzungushia kwenye kigurudumu, kisha unaingia katika kopo lisilopitisha mwanga, na hapo taa inawashwa na kazi inakuwa kama ya jikoni. Shida ya pwani ni maji. Dawa inatakiwa iwe nyuzi 20, na maji ya bomba la Dar kwa msimu ule yalikuwa 29. Yakiachwa hivyo, dawa inakimbia, unga wa fedha unavimba na nyuso zinakuwa na chenga kama mchele mbovu. Kwa hiyo alinunua barafu Feri, ile ile ya wauza samaki, akaitia katika beseni, chupa za dawa zikasimama humo kama soda za harusini, na kipimajoto kinazamishwa na kutolewa. Ishirini na tatu. Ishirini na moja. Akimimina, anapindua kopo taratibu mara nne, analigonga chini kidogo kutoa mapovu, anasubiri, kila nusu dakika tena. Hazungumzi. Mimi nilizungumza mara moja tu, akanitazama, nikatoka kwenda kununua maandazi.

Niliporudi mkanda ulikuwa unaning'inia kwenye kamba ya nguo, kibanio juu na kibanio chini, ukidondosha maji. Kwenye negativu dunia imegeuka: kanzu ni nyeusi tii, buibui ni jeupe, midomo ya vichochoro inameremeta kama milango ya usiku. Ile ya mzee ilikuwa ya tisa. Alichuchumaa chini yake, kioo cha kukuzia machoni. Usoni palikuwa na kila kitu: makunyanzi, kidevu, jicho. Dele lilikuwa limeinama, na mkondo wa kahawa ulikuwa uzi mweupe kutoka mdomo wa dele hadi finjani. Hakusema "nzuri". Alisema, "Nimempata akiwa kazini."

Tulivuka tena mwezi uliofuata, picha ikiwa katika bahasha ngumu, na nyingine ya yule mtoto wa madrasa, ambaye hatukumkuta tukaiacha kwa mwalimu wake. Mzee alikuwa pale pale. Shikamoo, marahaba, habari za Tanga. Akaipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akamwonyesha mteja mmoja, akamwonyesha wa pili. Halafu akamgeukia binamu yangu kwa sura ya mtu aliyedhulumiwa.

"Kofia yangu imekaa upande. Na wewe ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa naiona, babu. Ningekwambia, usingemimina."

"Basi hii ni picha ya kahawa," akasema mzee. "Mimi je?"

Akaliweka dele juu ya makaa. Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa kwa viganja viwili mpaka ikakaa sawa juu ya nyusi. Akafunga kishikizo cha shingoni. Akakaa wima kabisa barazani, mikono juu ya magoti, vidole vimepangwa, na uso ukatulia kama uso wa watu wa ukutani kule Shangani.

"Haya," akasema bila kusogeza midomo sana. "Sasa nipige."

Binamu yangu akatazama kihesabio: thelathini na tano. Akatoa kifuniko.